Kioo Kimoja Kinatosha

Binadamu ameumbwa na macho mawili, lakini hatazami mambo mawili kwa wakati mmoja. Jambo hili tulilifundisha chuoni miaka mingi katika somo la mbinu za kufundishia, wala sikutarajia kwamba ningelisoma upya uzeeni, mbele ya kompyuta.

Hapana budi nieleze kwanza hali yangu, ili msomaji asidhani ninazungumzia anasa. Jicho langu la kushoto lina ugonjwa ambao watu huuita presha ya macho. Ugonjwa huu huharibu mshipa wa fahamu wa jicho polepole, aghalabu ukianzia pembeni mwa uoni, na kilichopotea hakirudi. Dawa ya matone huupunguza kasi, basi. Jicho la kulia lilifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Linaona vizuri, ila halipendi mwanga mkali. Daktari alinieleza wazi kwamba mwanga wa kompyuta si chanzo cha ugonjwa wangu. Hata hivyo, macho yaliyochoka hayasomi, na mzee mwenye kitabu cha kumaliza hana budi kuyatumia kama maji ya kiangazi. Kitabu chenyewe ndicho hiki ulichokishika.

Kizazi chetu kilichelewa kukutana na vioo vinavyowaka. Zanzibar walipata televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sisi wa Bara tulisubiri mpaka mwaka 1994. Nilipoanza kazi, muda mfupi baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 lililotaka watoto wote wa rika la shule wawe darasani ifikapo 1977, kioo changu kilikuwa ubao mweusi na kipande cha chaki.

Wanangu walininunulia kompyuta ya mpakato yenye kioo cha inchi 14. Ilikuwa zawadi njema, lakini herufi zake kwangu zilikuwa msururu wa siafu. Mjukuu wangu, anayesomea ufundi, akaniletea kioo cha mezani cha inchi 24, cha mtumba, akakiunganisha kwa waya wa HDMI. Siku ile niliona herufi kubwa na zilizotulia, kama zilizoandikwa ubaoni na mwalimu mwenye mwandiko mzuri.

Lakini sasa vioo vilikuwa viwili, na vyote vinawaka. Kile kidogo kilikuwa kushoto kwangu, kikinimulika kutoka chini. Zaidi ya hayo, kompyuta ilivihesabu vioo hivyo kuwa uwanja mmoja mpana, hata mshale wa kipanya ukawa unavuka mpaka na kupotelea kule kushoto, upande ambao jicho langu halioni pembeni. Niliweza kuutafuta dakika nzima, na nikiupata sentensi niliyokuwa nayo kichwani imekwisha kwenda zake.

Mke wangu alipoona ninavyohangaika alikifunika kile kidogo kwa kitambaa cha meza. Mwanga ukakoma, kero haikukoma. Mshale uliendelea kuingia chini ya kitambaa, na barua za watoto zikawa zinafunguka humo humo gizani nisizione. Kupunguza mwanga mpaka mwisho nako kulileta matokeo yale yale. Mjukuu alipokuja kutusalimu akacheka.

"Babu, hicho si cha kufunika. Ni cha kuzima."

"Nikikizima kompyuta si itazimika?"

"Hapana, babu. Kioo ni dirisha tu. Kazi inafanyika chini, penye vitufe."

Akanionyesha. Unabonyeza kitufe chenye alama ya Windows, na bila kukiachia unabonyeza herufi P. Zinakuja njia nne: kutumia kioo cha kompyuta peke yake, kuonyesha jambo lile lile kwenye vioo vyote, kuvitandaza viwe uwanja mmoja, au kutumia kioo cha pili peke yake. Ukichagua hiyo ya nne, kile kidogo kinazimika, mashine inaacha kukihesabu, na mshale hauna tena pa kupotelea. Ukichomoa waya, kioo cha ndani huwaka chenyewe.

Iko pia njia ya kufunika kompyuta kabisa kama kitabu, lakini hiyo inahitaji kibodi na kipanya vya pembeni. Tena, kwa kawaida kompyuta ikifunikwa hulala. Lazima uingie kwenye mipangilio ya umeme na kuiagiza isifanye lolote inapofunikwa. Agizo hilo litolewe kwa wakati iliyochomekwa kwenye umeme tu. Ukilitoa na kwa wakati wa betri, utaitia mkobani ukidhani imelala, kumbe inafanya kazi na kujipika humo. Kwa kuwa natumia kibodi ile ile ya kompyuta, naiacha wazi, na joto linapata pa kutokea.

Chuoni tulikuwa na kanuni kwa walimu wanafunzi waliokwenda mazoezini: ukimaliza na mchoro, ufute, ukimaliza na picha, iondoe. Wengi waliona tunawasumbua. Niliwahi kukaa nyuma ya darasa la tatu nikimkagua kijana mmoja hodari. Alikuwa amefundisha sehemu za ua kwa picha nzuri ya rangi, kisha akaingia somo la hesabu bila kuishusha picha ile. Alijieleza vyema kabisa. Lakini watoto wasiopungua kumi walibaki na ua lao mpaka kengele. Hawakuwa watukutu. Jicho hufuata kilicho mbele yake, na mwalimu ndiye anayechagua kiwe nini.

Kanuni hii inahusu hata watu. Nilipokabidhiwa uongozi wa chuo, mtangulizi wangu alikuwa akiishi jirani. Alikuwa mtu mwema na aliyejenga mengi, lakini kila asubuhi alikuja ofisini. Mpishi akipata agizo kwangu huenda kuulizia kwake. Walimu wakikataliwa ruhusa huku huiombea kule. Sikuweza kumkaripia mzee wangu. Kwa miaka miwili chuo kilikuwa na vioo viwili vinavyowaka, na watu hawakujua watazame kipi. Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi; sembuse mwanachuo wa miaka ishirini?

Basi zamu yangu ilipofika, nilimkabidhi mwenzangu funguo na majalada, nikamwambia kwamba mwaka mzima sitakanyaga pale ila nikiitwa. Nilitimiza ahadi. Ulikuwa mwaka mgumu kuliko yote ya utumishi wangu. Niliamka saa kumi na moja na nusu kama kawaida, nikavaa, nikakaa barazani sina gwaride la kukagua. Kengele ya chuo niliisikia kutoka nyumbani. Mwalimu mmoja alikuja kunishtakia uamuzi wa mkuu mpya, nami niliona kabisa kwamba uamuzi ule ulikuwa na kasoro. Nilimpa chai, nikamwambia arudi akazungumze na mkuu wake.

Wapo wastaafu wenzangu wanaosema kunyamaza namna hiyo ni kufa kabla ya siku. Zamani sikuwa na jibu zuri la kuwapa. Siku hizi nawaonyesha meza yangu. Kioo cha kompyuta ni cheusi, ukipita utadhani imezimwa. Lakini weka kiganja juu ya vitufe usikie joto lake. Kila neno linalosomeka kwenye kioo kile kikubwa linatoka humo humo gizani. Mwalimu aliyefundisha walimu asishangae: darasani tulikwisha kutoka siku nyingi, na masomo yetu yanasomwa kwenye mbao za watu wengine, katika vijiji ambavyo hatutavifikia.

Kwa hiyo, ndugu msomaji uliye na vioo viwili mezani, chagua kimoja ukizime kingine. Na uliye na wadhifa unaokaribia kikomo, jifunze mapema mahali kitufe chake kilipo, ili siku ikifika ukibonyeze mwenyewe.