SEHEMU YA 7: Mlaso, mtori na mafuta kwenye damu ya mama

Wiki hii nimeulizwa swali moja kwa namna kumi tofauti: mzazi aendelee na vyakula vya uzazi au aviache kwa sababu ya kolesteroli? Nitajibu kupitia mama mmoja wa Kibosho, ameniruhusu, jina nimeliacha.

Ana wiki tano tangu ajifungue. Alipita kwenye upimaji wa bure mjini, akachomwa kidole, akaambiwa kolesteroli ni 6.9, "una mafuta mengi, acha mafuta." Basi akaacha vyote. Mtori hataki, mlaso ndiyo kabisa, anakunywa uji mwepesi na ndizi za kuchemsha. Mama mkwe aliyefuga mbuzi kwa ajili ya huo uzazi amenuna. Na mtoto mkubwa, ambaye hajafikisha miaka miwili, naye kahamishiwa maziwa yaliyotolewa mafuta. Eti ajikinge mapema.

Tuanze na huyo mtoto maana ndiye ana haraka. Chini ya miaka miwili mtoto hapewi maziwa yaliyotolewa mafuta. Ubongo wake unajengwa kwa mafuta na kolesteroli. Maziwa yako ya kunyonyesha yenyewe, karibu nusu ya nguvu anayopata mtoto humo inatokana na mafuta, na kolesteroli imo. Mungu hakukosea hapo.

Sasa kipimo. Ujauzito wenyewe hupandisha kolesteroli, robo hadi nusu zaidi ya kawaida yako, na yale mafuta mengine yanayoitwa trigliseridi yanaweza kufika mara mbili au zaidi. Mwili unaweka akiba ya mtoto na ya maziwa. Ukishajifungua hushuka, ila taratibu. Kwa hiyo namba ya wiki ya tano haikuambii ulivyo. Rudia baada ya miezi miwili mitatu, hospitali, na useme kama unanyonyesha.

Lakini kwa nini mwili unaweza kupandisha na kushusha hivyo? Hapa ndipo napapenda, vumilia kidogo.

Kolesteroli nyingi iliyo mwilini mwako haikutoka kwenye sahani. Umeitengeneza mwenyewe, ini likiwa fundi mkuu. Waliokulia migombani wanaijua mifongo, ile mifereji ya wazee inayoshusha maji toka mlimani. Pale juu yupo mtu wa kufungua na kufunga. Bwawa likipungua anafungua, likijaa anaziba. Ndani ya seli ya ini kuna protini inayofanya kazi hiyohiyo, wataalamu wanaiita SREBP. Kolesteroli ikiwa ya kutosha, protini hii inabaki imefungwa mahali pake, imetulia. Ikipungua, inafunguliwa, inakatwa kipande, na kipande hicho kinaingia kwenye kiini cha seli palipo na jeni. Kinawasha jeni za kutengeneza kolesteroli, na kinawasha pia jeni za "milango" inayovuta kolesteroli kutoka kwenye damu. Ikijaa, jeni zinazimwa. Wanyama wengine nao wana mpango huu, hata huyo mbuzi wa mama mkwe.

Yupo pacha wake anayeshughulikia mafuta ya kawaida. Huyu huamshwa na insulini, yaani ukila sukari na wanga kwa wingi. Ndiyo maana mtu anaogopa mtori halafu anashushia soda mbili kwa siku, na ini lake linaigeuza ile sukari kuwa mafuta. Binafsi soda inanitisha kuliko mtori.

Majirani zetu Wamasai walichunguzwa sana kwa jambo hili. Mmarekani George Mann alikuja miaka ya 1960 akakuta wanaume wanaoishi kwa maziwa na nyama, na kolesteroli yao iko chini. Mwaka 1971 watafiti wengine wakaeleza kwamba Wamasai wanaifyonza vizuri tu ile wanayokula, ila miili yao inapunguza sana ile inayojitengenezea. Mfongo unazibwa kwelikweli. Usikimbilie kusema "basi na mimi nile siagi." Mann alipochunguza maiti 50 za Wamasai, mwaka 1972, alikuta mishipa yenye utando kama ya wengine, ila imetanuka. Na watu hao walikuwa wanatembea kutwa. Wewe na mimi tunapanda bodaboda kutoka Mbuyuni hadi Majengo. Siagi na mafuta ya nyama yakizidi kwa miaka, ile milango ya ini hupungua na kolesteroli inabaki inazunguka kwenye damu. Wiki kadhaa za uzazi ni jambo jingine. (Damu ya mlaso itoke kwa mnyama aliyekaguliwa na daktari wa mifugo, hilo sibembelezi.)

Huyu mama nimemwambia arudi kwenye mtori, maharage, mboga, parachichi, samaki akipata. Soda aache.

Lipo kundi moja ambalo namba kubwa si ya kupuuza. Kuna familia ambazo jeni ya mlango wenyewe ina kasoro, kolesteroli inapanda tangu utotoni hata ule majani. Wamarekani Brown na Goldstein waliigundua milango hii wakifuatilia watoto wa namna hiyo, wakapata Nobel mwaka 1985. Mzazi mmoja akiwa nayo, kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu. Na kuna kinyume chake: mwaka 2007 iliripotiwa habari ya mama mmoja kijana wa kliniki huko Harare, mzima kabisa, aliyerithi kwa wazazi wote wawili jeni inayozuia milango isiharibiwe. Kolesteroli yake mbaya ilikuwa 0.4 tu.

Kwa hiyo leo usiku muulize mumeo, na wewe wapigie kwenu. Kuna aliyepata mshtuko wa moyo, mwanaume kabla ya miaka 55 au mwanamke kabla ya 60? Kuna mwenye vinundu vigumu nyuma ya kifundo cha mguu, au madoa ya njano kwenye kope? Kama yupo, msiishie kupima kwenye hema. Nendeni Mawenzi au KCMC mkaeleze hivyohivyo, na watoto wapimwe. Na kama unameza dawa za kolesteroli halafu umeshika mimba, muone daktari wiki hii hii.

Alhamisi, sehemu ya 8: mafuta ya kukaangia yaliyorudiwa mara ngapi ndiyo basi.