Kutazama Watu Wamelala

Mwaka 2014 nilirudi nyumbani Dimani na malaria. Mchana nalala kama mzigo, usiku macho makavu. Bibi akatandika mkeka kando ya kitanda changu, akakataa katakata kwenda chumbani kwake. Basi nikawasha tivii, sauti chini, nikaangukia Big Brother Africa.

Ndo ule msimu wa Hotshots, aliokuja kushinda Idris Sultan wetu, akaondoka na dola 300,000. Lakini saa nane za usiku hakuna ugomvi wala mapenzi. Kamera zinaonyesha watu wamelala tu. Mmoja anageuka. Mwingine anavuta shuka. Nami natetemeka, nawaonea wivu kweli.

"Hawa wanafanya nini?" Bibi akauliza.

"Wamelala, Bibi. Wanashindania hela."

"Na anayewatazama analipwa?"

Nikacheka mpaka kichwa kikanigonga.

Kisha akanisimulia miaka aliyokesha na babu juu ya dungu, shambani kwenye mpunga, wakipiga madebe kufukuza nguruwe na viboko, watoto wamelala miguuni pao.

"Ukisinzia tu, mpunga umekwenda."

Nikatazama mkeka wake. Shuka lilikuwa bado limekunjwa vilevile. Usiku wa tatu huo.

Nikazima tivii, nikafumba macho na kujifanya nimelala, ili naye alale. Baada ya kitambo, gizani, kiganja chake kikanigusa paji la uso. Bado alikuwa dunguni.