Sabuni ya Vyombo na Nta Kuukuu

Nawaandikia kutoka Reading.

Mara hii sina habari za harusi wala za mkutano. Nataka kuzungumzia sabuni ya vyombo, hii hii ya maji inayokaa kando ya sinki, na jinsi inavyotumika kuondoa nta kuukuu kwenye gari. Mwenye gari asome kwa faida ya gari lake. Asiye nalo asome pia, huenda akaambulia kitu.

Mwaka 2018, mwezi wa Aprili, baba yangu alikuja kunitembelea kutoka Tanga. Tulikuwa hatujaonana kwa miaka 14. Baba alikuwa dereva katika shamba la mkonge, akiendesha Peugeot 504 ya meneja, na mpaka leo hawezi kupita kando ya gari asilikague. Asubuhi ya pili alitoka nje na kanzu yake na koti langu juu, akalizunguka Corolla langu, akapitisha kidole kwenye boneti, kisha akakitazama kile kidole.

"Hili gari unaliosha kweli?"

"Naliosha, baba. Na kila baada ya miezi michache nalipaka nta."

"Unaipaka juu ya nini?"

Sikuwa na jibu.

Kabla sijaendelea, niseme jambo ambalo wengi wetu huku tunalijua ila hatulisemi. Mama alifariki mwaka 2011, na mimi sikwenda kumzika. Kwenye simu nilimwambia baba kuwa kazini wamenikatalia ruhusa. Ukweli ni kwamba karatasi zangu za kuishi hapa zilikuwa hazijakamilika, na ningetoka nisingeweza kurudi. Nyumbani walikuwa wanaamini mambo yangu yako shwari, nami niliona aibu. Karatasi nilizipata mwaka 2016, lakini uongo ulikuwa umeshakaa. Kila nilipopiga simu niliongeza maneno mazuri juu yake.

Turudi kwenye gari. Majira ya baridi barabara za huku humwagiwa chumvi ya mawe ili barafu isigande. Baba alicheka sana kusikia hivyo, maana kwao chumvi hutoka baharini na huwekwa kwenye mchuzi. Chumvi hiyo, pamoja na masizi na vumbi la breki, hunasa kwenye nta iliyochoka. Ukipaka nta mpya juu yake unafunika uchafu tu, na hiyo mpya haishiki vizuri. Ndivyo nilivyokuwa nikifanya.

Jumamosi nikatoa ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa. Katika ile ya kwanza, lita 10 hivi, nikatia vijiko viwili vya sabuni ya vyombo. Baba akashtuka.

"Sabuni ya masufuria kwenye gari? Sisi tungefukuzwa kazi!"

Nikamweleza. Shampuu ya gari imetengenezwa ili isiidhuru nta. Sabuni ya vyombo imetengenezwa kukata mafuta ya sahani, na nta ni ndugu wa mafuta. Chembe zake upande mmoja hupenda maji, upande wa pili hushika mafuta, basi huyang'oa na kwenda nayo. Kwa hiyo si sabuni ya kila wiki. Hukausha mipira ya milango na plastiki nyeusi, na baadhi zina chumvi ya kuzifanya nzito, hivyo lazima usuuze sana. Ni ya siku ile tu unayotaka kuanza upya. Tena haiondoi kila kitu, kwani zile nta za kisasa za kiwandani nyingine ni sugu kwake.

Gari likiwa kivulini, tukaanza juu ya paa tukishuka chini, kipande kwa kipande, bila kuacha sabuni ikauke. Tulitumia kitambaa laini, si ile sponji ya jikoni yenye upande wa kukwangua. Kipimo ni maji yenyewe. Penye nta hujikusanya vitone vya mviringo, kama juu ya jani la mgomba. Nta ikitoka, maji hutandaa na kuteremka kama shuka.

Tulikuwa kwenye boneti, baba ameshika mpira wa maji, aliponiuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Hivi kazi ile iliyokunyima ruhusa ndiyo hii unayofanya sasa?"

Ningeweza kusema ndiyo, yakaisha. Mikono yangu ilikuwa ndani ya ndoo.

"Hakukuwa na kazi ya kuninyima ruhusa, baba."

Nikamweleza yote. Maji yakaendelea kumwagika mahali pamoja kwa muda mrefu.

"Miaka 7," akasema, "nimeamini mwanangu alichagua mshahara. Shangazi yako mpaka leo hataki jina lako litajwe. Ungesema karatasi, nani angekulaumu?"

"Niliona aibu."

Hakunijibu. Akasuuza boneti mpaka mwisho, akafunga bomba, akakaa kwenye ngazi ya mlango. Nilidhani ataingia ndani. Kisha akauliza:

"Nta iko wapi? Ukilivua gari nguo huliachi likalala nje hivi hivi."

Tukalikausha, tukafungua kopo. Nilimwambia nta ile ya kanauba hutokana na majani ya mti wa Brazili wa jamii moja na minazi yetu, akainusa kama anayemtafuta jamaa. Tukaipaka nyembamba, tukangoja ififie kama ukungu, tukaifuta. Yeye upande wake, mimi wangu, tukakutana nyuma kwenye buti. Hatukuzungumza mengi.

Usiku akaniomba simu, akampigia shangazi. Nilimsikia kutoka jikoni: "Dada, yule mtoto hakuwa na karatasi. Sikiliza kwanza nikueleze." Walizungumza karibu saa nzima. Mwishoni nikapewa simu nami nikasema shikamoo. Kimya kikapita kidogo, kisha ikaja marahaba.

Basi kwa wenye magari nasema hivi: mara moja kwa mwaka, baridi inapoisha, sabuni ya vyombo inafaa. Ila msiishie hapo. Rangi iliyovuliwa nta imepungukiwa kinga mbele ya jua na mvua, na nta mpya ipakwe siku hiyo hiyo. Mimi sasa, kabla sijafungua sabuni, hulitafuta kwanza kopo la nta nikaliweka karibu.