Kutoka Makadara Hata Baharini

Watu wa mitaa ya Eastlands mjini Nairobi wapatapo livu, wengi huenda kwao mashambani. Jambo hilo ni jema, maana wazazi wako huko na mahindi yako huko. Lakini makarani wenzangu huniuliza mara kwa mara kama mtu wa mshahara wa kadiri aweza kwenda Pwani kuota jua, au kama starehe hiyo ni ya wageni wa hoteli tu. Kwa kuwajibu nitaeleza safari tuliyoifanya mwezi wa Februari, mimi, mke wangu, mtoto wetu ambaye hajaanza shule, na mzee mmoja jirani yetu hapa Jericho.

Mzee huyo alifanya kazi ya reli zaidi ya miaka thelathini, akiunganisha mabehewa ya kwenda Mombasa. Aliyaona yakienda na kurudi, naye mwenyewe hakufika huko hata siku moja, kwa kuwa kila livu yake iliishia katika kujenga nyumba na kulipa karo. Sasa macho yake yanapungua nuru, na daktari amemwambia kwamba nuru iliyokwisha potea hairudi tena. Jioni moja alikuja mlangoni akasema, "Kijana, nataka kuiona bahari ningali naweza kuiona." Hayo ndiyo yaliyotutoa.

Msomaji atakayetaka kufuata njia yetu na apande gari la asubuhi hapo stesheni ya Makadara mpaka Syokimau, iliko stesheni kuu ya reli mpya iliyofunguliwa mwaka wa 2017. Nauli ya daraja la kawaida mpaka Mombasa ilipandishwa mwanzoni mwa mwaka wa 2024 ikawa shilingi 1,500. Kata tiketi siku nyingi mbele, wala usisahau kitambulisho. Gari la saa mbili asubuhi husimama njiani, na huchukua muda wa saa sita hivi. Mzee alikaa dirishani. Stesheni za njia ile alizijua zote kwa majina, kama mtu ajuavyo ndugu asiopata kuonana nao. Huko Tsavo, mahali simba walipowala wajenzi wa reli ya kwanza mwaka wa 1898, tuliona tembo waliojipaka udongo mwekundu, naye alidhani ni vichuguu hata vilipotembea.

Reli mpya huishia Miritini, nje ya kisiwa, na kutoka hapo tulipanda matatu. Utingo alipoita "Majengo! Majengo!" mke wangu alishtuka, akauliza kama tumerudishwa Nairobi. Kwa hakika Mombasa iko Majengo, iko Makadara, iko na Barabara ya Digo kama ile ya Pumwani. Kaloleni nyingine iko bara ya Kilifi, na Shauri Moyo utaikuta hata Unguja. Pumwani ilipoanzishwa, mwanzoni mwa miaka ya 1920, wengi wa wenye nyumba walikuwa Waislamu wasemao Kiswahili. Basi mtu wa Eastlands akiteremka Pwani asijione mgeni sana, kwani majina ya mitaa yake yalimtangulia huko.

Tulichagua Februari kwa kusudi. Kuanzia Desemba hata Machi huvuma kaskazi, jua ni kali na bahari imetulia. Baadaye huja masika, na pepo za kusi huitibua bahari na kutupa mwani ufukoni. Desemba nayo ina jua zuri, ila vyumba hupanda bei, kwa kuwa Nairobi nzima huteremka wakati mmoja.

Jioni ya kwanza tulikwenda Mama Ngina, chini ya mibuyu, penye mlango wa bahari uingiao Kilindini. Hapo hapana kiingilio. Utanunua muhogo wa kuchoma wenye pilipili na ndimu, au dafu, ukae ukutani. Punde ikaja meli kubwa, ikapita karibu nasi mno, imesheheni makontena. Mzee alisimama. Akaanza kuhesabu kwa kidole, safu kwa safu, kama alivyokuwa akihesabu mabehewa yadini, mpaka meli ikapinda na kupotea. "Kumbe hutoka ndani ya kitu kama hiki," akasema, na usiku ule hakusema mengi.

Kesho yake tuliona Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka wa 1593, ikatekwa na Waarabu wa Omani mwaka wa 1698 baada ya kuzingirwa karibu miaka mitatu. Tangu mwaka wa 1895 hata 1958 ilikuwa jela. Nenda asubuhi, kisha upitepite katika Mji wa Kale kutazama milango ya nakshi kabla mawe hayajapata moto.

Siku ya tatu tulipanda matatu ya Malindi tukashuka Gede. Kama una siku moja tu ya kutoka Mombasa, mimi ningekushauri uitumie hapo. Ni mji wa mawe uliohamwa na watu karne nyingi zilizopita, ukamezwa na msitu, na mwaka wa 2024 uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Liko kaburi lililoandikwa mwaka wa Hijra 802, yaani 1399. Yamefukuliwa humo mabakuli ya Kichina. Mzee alicheka, akasema kwamba Wachina waliotujengea reli si wageni hata kidogo, ila safari ya kwanza walituma vyombo.

Diani, kusini ya Likoni, ina mchanga mweupe kupita kote, na mwenda kwa miguu havushwi kwa nauli katika feri. Lamu yataka safari yake yenyewe. Sisi tuliishia Bamburi.

Hapo tulikosea njia. Tulifuata kichochoro kando ya hoteli moja, bawabu akatuzuia, akasema ufuko ule ni wa wageni wa hoteli. Mzee alimwuliza kwa upole, "Mwanangu, maji yakipwa, mchanga unaobaki ni wa nani?" Bawabu alinyamaza. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 62, yasema kwamba ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Lakini njia ya kuifikia imebanwa na kuta mahali pengi, na haki isiyo na njia humchosha mzee mwenye fimbo. Ilitubidi kurudi barabarani na kutembea mpaka ufuko wa umma wa Jomo Kenyatta, ambako hakuna aulizwaye kitu. Hapo watu hukodi maboya ya tyubu, na ngamia hupita na watoto mgongoni. Vaa viatu ukiingia majini, kwa sababu ya viumbe weusi wenye miiba, wala usiende mbali ikiwa hujui kuogelea.

Mzee alikunja suruali akaingia hata magotini. Mtoto alimshika mkono akimwelezea kila mashua. Tulimwita mara tatu atoke, akakataa, na karibu tuachwe na gari la saa tisa.

Pale Miritini askari wa ukaguzi aliona katika mfuko wake chupa iliyojaa maji yenye mchanga chini. Akamwuliza ni nini.

"Ni bahari," Mzee akajibu. "Nampelekea mama watoto."

Askari aliifungua, akanusa, akaifunga vizuri, akamrudishia kwa mikono miwili.