Safari ya Shangazi, Handeni hata Korogwe

Nataka kuwasimulia safari fupi niliyoifanya pamoja na shangazi yangu, maana ilinifundisha jambo nililodhani nalijua tangu zamani, nalo ni namna ya kumtunza mzee.

Shangazi amepita miaka 70. Kwao, katika kijiji cha upande wa Handeni, alikuwa mtu wa kuulizwa: mpaka wa shamba hili ulipita wapi, mbegu ipi huvumilia jua, mtoto wa fulani alizaliwa mwaka gani wa njaa. Kisha macho yake yakaanza kupungua nuru. Siku moja akaanguka katika njia ya lambo, na ndoo yake ikapasuka. Tangu siku ile sisi jamaa zake tukamkataza kutoka. Tukamwambia, "Pumzika, shangazi, watoto wapo." Tukamtandikia mkeka chini ya mwembe, tukamletea chakula kwa wakati wake, tukajiona tumefanya vema.

Hata ukatokea ugomvi wa mpaka wa shamba. Wazee wakakutana, wala hakuna aliyekwenda kumwita, nami nalikuwapo nikanyamaza. Jioni nilipompelekea uji akaniuliza, "Mwanangu, je, mimi nimekwisha kufa?" Sikuwa na jibu. Usiku ule sikulala vema, na asubuhi nikaazimu kumpeleka kwa tabibu wa macho.

Basi tukashika njia ya Korogwe. Ni kilometa 65, nayo ni njia ya lami. Walakini ngazi ya basi ilikuwa juu mno kwa miguu yake. Watu wakapiga kelele kwamba tunawachelewesha, hata kijana mmoja akashuka, akaweka kreti la soda chini, akamshika mkono. Nikawaza moyoni, kumbe barabara nzuri ya kilometa 65 yaweza kumshinda mzee kwa sababu ya shubiri mbili za ngazi!

Nchi ya Handeni ni kavu. Hata bomba kuu la maji lililojengwa kwa ajili yake liliwekwa liteke maji katika Mto Pangani, upande wa Korogwe. Mahali ambapo ndoo ya maji ni safari, mzee asiye na mtu wa kumtuma hupungukiwa na maji kabla ya kupungukiwa na chakula. Tulipouvuka mto ule shangazi akasikia ubaridi wake, akauliza, "Maji ni mengi?" Nikamwambia ni mengi.

Hospitalini tulikuta dirisha la wazee, hatukupanga mstari mrefu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 humhesabu mzee kuwa mtu wa miaka 60 na zaidi. Tabibu akasema ni mtoto wa jicho, yaani kioo cha ndani ya jicho kimeingia ukungu. Dawa ya kutia haiuondoi, bali hukitoa kioo kile na kutia kingine. Tukaambiwa tungoje.

Katika kungoja nalikwenda kumwamkia mzee mmoja aliyekuwa rafiki wa marehemu baba, akaaye katika kambi ya zamani ya mkonge. Mkonge uliletwa katika nchi hii mwaka 1893, na kwa miaka mingi watu walitoka mbali, Kigoma, Songea, hata Burundi na Msumbiji, kuja kuukata. Waliitwa manamba. Bei ya mkonge ilipoanguka katika miaka ya 1960 na baadaye, mashamba mengi yalidhoofika. Wengi hawakurudi kwao, wakazeekea hapo hapo, mbali na ukoo wao. Mzee huyu ni wa namna hiyo. Hana mke wala mtoto.

Nalidhani nitamkuta katika hali ya kusikitisha. La, nalimkuta akichonga mpini wa jembe, na watoto wanne wadogo wakicheza mbele yake, maana mama zao walikuwa shambani naye ndiye mlinzi wao. Akaniambia, "Mwanangu, kila kukicha mtoto mmoja huja mlangoni akasema shikamoo, babu. Nisipoitika marahaba, hukimbia kuwaita wakubwa." Mwaka uliopita hakuitika, nao wakamkuta na homa kali wakampeleka hospitali. Ni salamu ile ile tunayoitoa sote, ila wao wameifanya kuwa ulinzi.

Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu baada ya kuwauliza wazee wa miji 33, miji yao ingekuwaje ili waishi vema. Hawakutaja matibabu tu. Walitaja pia mahali pa kuketi njiani, magari ya kupandika, nyumba, heshima, habari, na kazi ya kufanya pamoja na wenzao. Mzee wa kambini hajakisoma kitabu hicho, lakini majirani zake wameyatimiza baadhi ya hayo bila kutoa fedha.

Siku ya pili kitambaa kikaondolewa katika jicho la shangazi. Tulipotoka nje akaitazama milima ya Usambara, akasema, "Milima hii imesogea karibu." Kisha akanitazama mimi. "Na wewe umezeeka, mwanangu." Tukacheka sote wawili.

Tuliporudi nalikwenda kwa wazee wa kijiji, nikakiri kwamba sisi jamaa ndio tuliomfunga shangazi kwa jina la kumpumzisha. Hawakunikemea. Vijana wakachimbia gogo la kuketi katikati ya njia ya lambo, nasi tukampatia ndoo ndogo ya lita tano. Ugomvi ule wa mpaka ulikuwa haujakwisha. Siku ya baraza mtoto akatumwa kumwita. Akaenda kwa miguu yake, akaketi njiani kidogo juu ya gogo, kisha akawaonyesha mti wa mpaka, ambao kisiki chake kilikuwa kimefunikwa na majani.

Ndugu msomaji, nyumbani mwako yuko mzee juu ya mkeka? Mpelekee uji, ndiyo. Lakini mpelekee na swali pia, kisha ngoja jibu lake.