Ustadh, kompyuta imesema nini?

Bismillahi Rahmani Rahim.



Ndugu yangu, leo sina darsa ya fiqhi. Nataka nikusimulie nilivyomdhulumu kijana wa watu kwa sababu ya programu ya kuchezesha video. Nitakueleza na dawa ya tatizo lenyewe, maana najua madrasa nyingi hapa Dodoma zina kompyuta kuukuu kama yetu.

Chanzo kilikuwa swali. Nilikuwa nafundisha kuhusu mali ya haramu, mwanafunzi akanyoosha mkono: "Ustadh, hiyo Windows ya madrasa tuliinunua?" Nikanyamaza. Hatukuinunua. Ilikuwa imechakachuliwa, tuliwekewa mtaani, nami nikaitumia miaka bila kuuliza.

Kijana mmoja anayesoma UDOM, mhudhuriaji wa darsa zetu za Jumamosi, akajitolea kutuwekea Ubuntu. Huo ni mfumo wa bure wa familia ya Linux, umekuwapo tangu 2004, na jina lake kwa Kizulu ni utu. Kwa video akatuelekeza kwenye VLC, ile yenye alama ya koni ya barabarani. Mradi huo ulianzishwa mwaka 1996 na wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris, na tangu 2001 leseni yake inamruhusu mtu yeyote kuitumia, kuinakili na kumpa mwenzake. Moyo wangu ukatulia, hatuli tena haki ya mtu.

Kijana alikuwa na mtihani, kwa hiyo aliniachia karatasi yenye mstari mmoja, niuandike mwenyewe nikipata bando:

sudo apt update && sudo apt install vlc

Hapo kuna amri mbili. Ya kwanza inaleta orodha mpya ya programu, ya pili inaweka VLC. Zile alama za katikati maana yake ya pili haiendi mpaka ya kwanza ifaulu, kama swala isivyosimama bila udhu.

Jumamosi asubuhi watu wamekaa, kina mama nyuma ya pazia, flashi yenye darsa ya mirathi imechomekwa. Kichezeshi kilichokuja na Ubuntu kikaikataa video, kikadai kinakosa kitu kinachoitwa H.264. (Usiitupe video yako hapo. Video hubanwa kwa namna maalumu, na kichezeshi kisicho na cha kuifungulia huikataa hata kama ni nzima. VLC inajua kufungua nyingi.) Nikauandika ule mstari. Ikaniomba nywila; naandika, hakionekani kitu, hata nyota. Nikadhani kibodi imekufa. Kumbe ndivyo ilivyo, unaandika hivyo hivyo gizani kisha unabonyeza Enter. Ilipokubali yakaporomoka maandishi ya Kiingereza, na mwishoni mstari ulioanza na herufi E. Sikuusoma. Nikafunga dirisha, nikampigia kijana nikiwa nimeweka spika, ukumbi mzima unasikia: "Umetuharibia kompyuta. Ungesema hujui, tungetafuta fundi."

Akauliza kwa upole, "Ustadh, kompyuta imesema nini?"

Nikakata simu.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Na iliyofuata hakuja.

Sura ya Al-Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuchukua hatua. Nimeifundisha mara nyingi, na kila mara mfano wangu ni wambea wa mtaani na ujumbe wa kusambaza WhatsApp. Mimi habari yangu ilikuwa mbele ya macho, imeandikwa, nikaifunga kwa mkono wangu.

Usiku mmoja baada ya Isha niliuandika tena ule mstari, safari hii nikiwa na kamusi. Kompyuta ilisema faili la orodha ni "not valid yet", bado halijaanza kuwa halali, na limebakiza saa tatu na dakika kadhaa. Mtu wa halali na haramu nikaduwaa. Saa tatu mpaka kitu gani? Nikatazama saa ya kwenye kioo: 2:30. Sawa, ni saa mbili na nusu usiku. Kisha nikaona herufi ndogo pembeni: PM.

Ndugu yangu, saa ile niliiharibu mimi. Wiki ile ile nilizima saa inayojirekebisha, nikaiweka kwa saa yetu ya Kiswahili ili watoto wasichanganyikiwe. Kompyuta ikaamini ni mchana wa saa nane na nusu, saa sita nyuma. Ikaletewa orodha iliyotengenezwa jioni ile, ikaona imetoka siku za mbele, ikaikataa. Ilikuwa na haki. Betri ndogo ya saa ikifa kwenye kompyuta kuukuu, huweza kuleta shida hiyo hiyo.

Dawa yake: ingia kwenye mipangilio, sehemu ya tarehe na saa, washa saa ijirekebishe kwa intaneti. Eneo letu la saa huandikwa Africa/Dar_es_Salaam, hata kama makao makuu ni Dodoma. Nilifanya hivyo, nikarudia mstari, VLC ikaingia. Ukiunganisha runinga kwa waya wa HDMI na sauti isisikike pale unapoitaka, fungua mipangilio ya sauti uchague itokee wapi.

Kesho yake nilinunua zabibu soko la Majengo, nikapanda daladala hadi UDOM. Kijana akapokea zabibu, akasema, "Yameisha, Ustadh." Lakini nilimvunjia heshima mbele ya watu, na toba ya haki ya mja ina sharti la kuirudisha haki hiyo. Jumamosi nikashika kipaza sauti, nikasema mbele ya ukumbi ule ule kwamba kosa lilikuwa langu, nikaeleza na jinsi nilivyolifanya. Baadhi ya kina mama walicheka waliposikia habari ya saa. Yeye alikuwa amekaa safu ya pili, ameinama. Kisha tukaangalia darsa ya mirathi mpaka mwisho.

Saa ya Kiswahili sasa tumeitundika ukutani.

Ukikwama, niandikie hapa chini. Ila uniandikie maneno ya kompyuta yenyewe, herufi kwa herufi.

Wassalaam alaykum.