Chanuo la Mwanga na Siasa za Kipimo

Katika kila mjadala wa sera za umma, swali ninalowarudishia wanafunzi wangu ni moja: nani anapima, na nani anatangaza kipimo? Swali hilo ndilo lililonifikisha, mimi nisiye mwanafizikia, kwenye kifaa kiitwacho chanuo la masafa. Mwaka 2005, nusu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia waligawana John Hall wa Marekani na Theodor Hänsch wa Ujerumani kwa kazi iliyojumuisha mbinu hiyo.

Leza ya kawaida hutoa rangi moja. Chanuo la masafa hutoa rangi maelfu kwa maelfu kwa mpigo, zikiwa zimepangika kwa nafasi sawa kabisa, mithili ya meno ya chanuo. Kwa upande wake, aina nyingi za molekuli humeza mionzi ya infraredi, kila moja katika masafa yake yenyewe, na hiyo ndiyo alama yake ya kidole. Methani humeza kwa nguvu mionzi yenye urefu wa wimbi wa takribani mikromita 3.3. Mionzi hiyo hutetema kama mara trilioni 90 kwa sekunde, kasi ambayo saketi za kielektroniki haziwezi kuihesabu moja kwa moja.

Kwa miongo mingi wataalamu walitegemea mashine zenye kioo kinachosogezwa mbele na nyuma, na kipimo hakikuweza kwenda upesi kuliko kioo. Sasa huchukua machanuo mawili ambayo nafasi za meno yake zinatofautiana kidogo sana. Yakikutanishwa, kila jozi ya meno huzaa mdundo katika masafa ya redio, nao huhesabika bila taabu. Hakuna tena kioo cha kusubiriwa. Mwaka 2018 watafiti walichapisha vipimo vya protini ya bakteriorodopsini ikibadilika baada ya kumulikwa, wakiifuatilia kwa hatua fupi kuliko mikrosekunde moja.

Siasa inaingia pale kifaa hiki kinapotoka maabara. Huko Colorado, watafiti wa chuo kikuu na wa taasisi ya serikali ya viwango walirusha mionzi ya machanuo mawili angani, kwa umbali wa kilomita nzima na zaidi, ili kunasa uvujaji mdogo wa methani. Gesi hiyo, katika kipindi cha miaka 20, hupasha joto dunia takribani mara 80 kuliko uzito uleule wa kaboni dioksidi. Kwa muda mrefu uvujaji wa visimani umekuwa ukikadiriwa kwa hesabu za mezani, mara nyingi na kampuni zenyewe. Hiyo ni kesi ya ngedere, hakimu nyani. Kipimo cha mfululizo hunasa hata uvujaji wa saa chache, ambao ukaguzi wa mara moja kwa mwaka hauwezi kuukuta.

Hata hivyo, kifaa hakileti uwajibikaji peke yake. Takwimu zikifungiwa kabatini, kasi ya mikrosekunde haimsaidii mwananchi. Sisi wenye visima vya gesi vya Songo Songo na Mnazi Bay tunapaswa kuuliza mapema: sheria inamtaka nani apime, kwa chombo gani, na matokeo yawekwe wapi?

Liko na funzo la bajeti. Hänsch hakuanza kwa kutafuta gesi inayovuja. Alitaka kupima kwa usahihi mwanga wa atomu ya hidrojeni, kazi aliyoishughulikia kwa miongo kadhaa. Yeye na Hall walikuwa katika taasisi zinazoendeshwa kwa fedha za umma, zilizokubali kugharimia swali lisilo na faida ya haraka. Afisa wa mipango anayedai kila andiko la utafiti lioneshe tija ndani ya mwaka mmoja wa fedha angelikataa andiko la namna hiyo. Ningependa wasomaji wangu mlio wizarani mlifikirie jambo hilo kabla ya kufyeka fungu lijalo la utafiti.